Kabla ya kulilia pesa ya mtandaoni, jua inapotelea wapi

Mwanamuziki wa ohangla, muziki wetu wa Kiluo, anayepiga Kondele hapa Kisumu wikendi hujua mapato ya usiku kabla hajalala. Pakruok huhesabiwa papo hapo: shabiki anasimama, anajisifu yeye na shemeji zake kwenye maikrofoni, anatoa noti, na bendi nzima inaiona ikiingia. Pesa ya mtandaoni haionekani hivyo. Wimbo unapigwa kwenye simu za watu mji mzima, namba zinapanda, na mwisho wa mwezi hakuna aliyetuma hata shilingi. Uchungu huo naujua. Nimepiga gita la besi kwenye bendi za hapa Kisumu kwa miaka mingi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika daftari, maswali yote ya pesa huishia kwangu.

Malalamiko yetu ni ya haki, ila mara nyingi tunayapeleka mlango usio wenyewe.

Tuanze na jinsi mgao unavyofanyika. Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, haina bei maalumu kwa kila strimu, yaani kila mara wimbo unapochezwa. Hukusanya pesa za matangazo na za wanaolipia kila mwezi, karibu theluthi mbili huenda kwa wenye haki, kisha kila mmoja hupata kulingana na sehemu yake katika strimu zote za nchi husika. Anayesikiliza bure huleta pesa ya matangazo peke yake, na hiyo ni kidogo sana. Mashabiki wetu wengi ni wa bure. Ndiyo maana strimu elfu moja za mtaa wetu wa Nyalenda hazilingani na elfu moja za ndugu zetu walioko London au Minnesota. Ukiwa na mashabiki ughaibuni, watumie wimbo siku unapotoka na uwaombe wausikilize kwenye akaunti wanazolipia.

Tena tangu 2024, wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haupati chochote kwenye mgao wa rekodi. Hili nalikataa waziwazi. Mzee wa litungu kule Bungoma anayeimbia watu wake kwa Kibukusu hatafikia namba hizo haraka, na kidogo alichostahili kinapelekwa kwa wengine. Mwaka 2014 Taylor Swift aliondoa albamu zake Spotify kwa sababu ya hiyo huduma ya bure, akarudi 2017. Yeye akiondoka, dunia inashtuka. Sisi tukiondoa nyimbo zetu, vijana wanaojaza flashi za matatu pale stendi wataendelea kuziuza, na huko hakuna hata anayehesabu.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniuma zaidi, kwa sababu iko mikononi mwetu.

Mwimbaji mmoja rafiki yangu alikuja na simu akitaka nimsaidie kuandika barua ya kulalamikia kampuni ya mtandaoni. Tukafungua wimbo wake, tukashuka hadi kwenye maelezo ya wahusika. Mwenye rekodi: jina la studio. Mtunzi: hakuna. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu katika nyimbo tatu, kwa hiyo mtandao ulimhesabu kama wasanii watatu, kila mmoja na ukurasa wake. Akaunti ya msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo mitandaoni na kupokea malipo yake, ilifunguliwa kwa barua pepe ya prodyuza, na ripoti zote zilikuwa zikienda huko. Kampuni ilikuwa inalipa, lakini haikuwa inamlipa yeye.

Prodyuza alijitetea kwamba alimrekodi bila malipo. Hoja hiyo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humtambua mwenye rekodi kuwa yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Wimbo wenyewe, yaani maneno na melodi uliyotunga, ni wako. Rekodi ni mali nyingine, na ukirekodiwa "kwa msaada" unaweza kukuta mwenyewe ni mtu mwingine. Basi lipia studio hata kama ni kwa mafungu, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Kabla hamjawasha mashine, andikeni karatasi moja: nani ametunga, nani amepiga nini, rekodi ni ya nani, kila mtu atapata asilimia ngapi, akaunti itafunguliwa kwa barua pepe ya nani. Kila mtu atie sahihi. Mpiga nyatiti aliyeitwa dakika ishirini kabla naye aandikwe, hata kama mmekubaliana alipwe mara moja na kuondoka. Nimeona bendi zikivunjika kwa jambo hili, na walikuwa watu waliokula sahani moja.

Kwa YouTube, pesa huingia kupitia AdSense, huduma ya matangazo ya Google, na hapa wengi hukwama kwenye mambo madogo. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Kama huna sanduku la posta, tumia la shule, kanisa au ndugu unayemwamini, na umwambie kabisa kwamba barua inakuja. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani. Ukishaijaza, kodi hukatwa kwenye mapato ya watazamaji wa Marekani tu. Usipoijaza, Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, hata yale ya mtazamaji wa Ahero.

Mashabiki wanaorekodi maonyesho kwa simu na kuyapakia ni suala lingine. Mwambie msambazaji wako awashe Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, ili rekodi yako ikitumiwa, pesa ya tangazo ije kwako badala ya video kufutwa. Lakini mfumo huo hutambua rekodi ya studio. Ukipiga wimbo uleule jukwaani kwa mtindo mwingine unaweza kuupita. Hiyo itafute mwenyewe kwa jina la wimbo na jina la ukumbi.

Usisahau milio ya simu, ile nyimbo anayosikia mtu akikupigia. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaliweka fungu la msanii kuwa angalau asilimia 52. Kama kuna wakala aliyekuwekea nyimbo huko, mwulize mkataba wake unasemaje, kwa sababu 52 hiyo hupitia kwake kabla haijakufikia. Na pesa za redio, baa na hoteli hukusanywa na vyama vya mirabaha, ambavyo leseni zao zimekuwa na misukosuko ya muda mrefu. Kabla ya kujiunga, uliza KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki, ni chama gani kina leseni mwaka huu.

Ukishatengeneza hayo yote, bado utakuta pesa ni ndogo, na hapo ndipo malalamiko yanapata mlango wake. Ombi langu kwa kampuni hizi ni moja. Mtu wa Kibuye anayelipia kila mwezi na kusikiliza ohangla peke yake, pesa yake isitumbukizwe kwenye chungu kimoja na kwenda kwa wasanii ambao hajawahi kuwasikia. Iende kwa aliowasikiliza. SoundCloud ilianza kulipa kwa njia hiyo mwaka 2021 kwa baadhi ya wasanii, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba haiwezekani. Tukienda kukaa na wabunge wetu au na KECOBO kuhusu mtandao, ndilo ningependa tulitaje kwanza, karatasi zetu zikiwa mkononi.