Okidi ya mtini haizikwi

Mleta uzi, hicho chungu usikijaze udongo. Kama umeshakijaza, kimwage sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Umeandika kwamba mkorosho wa nyumbani kwenu Bagamoyo umekatwa, ukaokoa okidi kubwa yenye majani marefu kama mikanda na maua meupe yanayonukia usiku, na Jumamosi unaipanda kwenye udongo mweusi na samadi kama ulivyoelekezwa na muuza miche. Nimeisoma hiyo samadi mara mbili, moyo ukanienda mbio. Njia hiyo nimeipita na mwisho wake naujua.

Kwa picha uliyoweka, hiyo ni Angraecum eburneum ya kwetu pwani, ile ambayo wataalamu wameiita giryamae kwa jina la Wagiriama wa Kenya. Inaota Kenya, Tanzania Bara na Unguja, juu ya miti, na hata juu ya mawe ya matumbawe karibu na bahari. Jiwe tupu, jua, upepo wa chumvi. Sasa niambie, hapo samadi ilitoka wapi?

Mwaka 2017 upepo uliangusha mwembe wa shangazi yangu Pangani. Juu yake palikuwa na okidi kama hiyo yako, niliikuta pale tangu nikiwa mtoto. Msimu wake ukifika, shangazi alikuwa akitoa mkeka barazani baada ya isha kwa ajili ya harufu yake tu. Akanipigia simu: "Mwanangu, njoo uichukue, mimi sina tena mti." Akaniambia niifunge kwenye mti wowote kwangu, halafu niiache. Maneno yake yalikuwa hayo, hakuongeza mengine.

Mimi nikaona maneno ya shangazi ni machache mno kwa mmea wa thamani ile. Nikapita kwa muuza miche barabarani. Akaigeuzageuza, akasema imedhoofika kwa njaa. Ile mizizi myeupe minene kama kidole akasema imekufa, akachukua mkasi wa kupogolea na kuikata mmoja baada ya mwingine, huku mimi nimemshikia mmea. Akaniuzia chungu kikubwa, udongo mweusi na kiroba cha samadi. Nilipomuuliza mbona mtini haikuwa na udongo, alikuwa na jibu tayari: akanionyesha okidi chui aliyokuwa nayo pale, ile ya njano yenye madoa ya kahawia, jinsi mizizi yake inavyosimama juu kama sindano na kudaka majani makavu. "Unaona? Inajitafutia mbolea yenyewe."

Jibu hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Okidi chui, yaani Ansellia africana, inajijengea kikapu cha mizizi iliyoelekea juu, inakusanya majani yanayodondoka, nayo yakioza taratibu inapata chakula. Lakini kile ni kikapu kilicho wazi! Mvua inapita, upepo unapita, saa chache baadaye pamekauka. Samadi iliyoshindiliwa kwenye chungu haina upepo wowote.

Ilikuwa Aprili, masika imeanza. Chungu kilikaa nje, mvua inanyesha, na mimi asubuhi na jioni naongeza maji kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Jani la chini likawa njano. Nikampigia yule bwana, akasema ongeza samadi kidogo. Nikaongeza. Jani la pili, la tatu. Mwanzoni mwa Juni nilishika jani changa la katikati, likang'oka lote mkononi, shina lake jeusi, linanuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika wiki nzima.

Nikapindua chungu. Nilishika mzizi mmoja uliobaki kwa vidole viwili nikauvuta polepole. Nyama ya nje ikateleza yote, ikaacha ute wa kahawia kwenye vidole, na katikati ukabaki uzi mwembamba kama wa kushonea. Mizizi yote ilikuwa hivyo. Sikupata hata mmoja mgumu.

Na hii ndiyo sababu nakupigia kelele wewe mwenye Angraecum kuliko ambavyo ningempigia mwenye okidi chui. Okidi chui ina mashina mengi kama shina la miwa, likioza moja lipo jingine. Hii yako inakua kwa ncha moja tu juu ya kila shina. Ncha ikioza, labda ichipue pembeni kama shina bado lina uhai, labda ndiyo basi. Yangu ndiyo ilikuwa basi. Na nyie mnaocheka kwenye maoni ya uzi huu, wekeni kwanza picha za mawaridi mliyonunua Desemba tuone kama yapo hai.

Yule muuza miche sijamsamehe. Kama hakujua, angesema hajui. Kuna neno rahisi kuliko hilo? Badala yake alikata mizizi mizima kwa mkono wake na kunitoza hela. Sasa naona wewe umeambiwa yale yale, mkoa mwingine, mdomo mwingine.

Ule weupe wa mizizi si kifo. Ni koti la seli tupu, linanyonya kama sifongo mara tu maji yanapogusa. Mwagia maji mzizi mkavu utaona: ule weupe wa fedha unageuka kijani mbele ya macho yako, maana ndani yake kuna kijani kile kile kinachotengeneza chakula kwenye majani. Zipo okidi huku kwetu zisizo na jani hata moja. Microcoelia ni fungu la mizizi ya kijivu iliyoshika tawi, ukipita unadhani ni kiota kilichoharibika, kumbe inaishi na kuchanua kwa mizizi hiyo peke yake. Ukiuzika mzizi wa namna hii umeunyima hewa na mwanga kwa pamoja.

Kwa hiyo ifunge. Tafuta mti hai wenye gome la kukwaruza, mwembe unafaa sana, upande unaopata jua la asubuhi. Bana shina lisitikisike, mizizi ilalie gome, funga kwa kamba ya katani. Kamba itaoza yenyewe baadaye, wakati mizizi imeshashika. Kama huna mti, tumia kapu la plastiki lenye matundu na vipande vikubwa vya mkaa, vitupu, bila hata kiganja cha udongo. Mwagia mpaka mizizi iwe kijani, kisha usirudie mpaka imerudi kuwa nyeupe. Masika iachie mvua.

Umeuliza pia kama unaweza kuizalisha na okidi chui ya jirani yako upate mchanganyiko: hizo ni ndugu wa mbali mno, usipoteze muda. Ndugu yake wa karibu ni Angraecum sesquipedale ya Madagaska, na Waingereza walishazichanganya eburneum na hiyo wakapata Angraecum Veitchii, mwaka 1899. Mahuluti hayo nayapenda kwa jambo moja: eburneum huinua juu mdomo wa ua, yaani lile petali lake pana, mwenzake huushusha chini, basi mtoto anachanganyikiwa, ua hili limetazama juu, lile limelala ubavu. Ila mbegu za okidi ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Porini zinasubiri kuvu (fangasi) izilishe, na tangu Lewis Knudson, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alipoonyesha njia mwaka 1922 watu huziotesha kwenye chupa zenye uteute wa sukari. Kwanza iwe hai, dada yangu.

Idi ya mwaka ule shangazi alikuja kwangu Tanga. Alizunguka uani, akatazama mwembe, akatazama mwarobaini, akaniuliza iko wapi. Nikamweleza yote, chungu, samadi, mkasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Kwani mti ulikosekana?"

Jumamosi nenda dukani ukanunue kamba ya katani. Jumapili weka picha hapa, na uipige kwa karibu niione mizizi, maua tutayaona siku nyingine.