Koki za tumboni mwa boti zimeliwa: nipake rangi au nibadilishe?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina boti ya faiba yenye umri wa zaidi ya miaka 20, niliyoinunua pwani na kuileta kwa lori hadi Kyela, ambako naitumia kubeba wageni wa Matema na vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa. Vipande vya shaba vinavyopitisha maji kwenye tumbo la boti vimeota ukijani pamoja na koki zake, na koki moja haigeuki tena. Fundi ameshauri tukwangue, tupake silikoni na rangi, kwa kuwa ziwa halina chumvi. Je, yatosha?
Msomaji, Kyela

JIBU: Ndugu msomaji, haitoshi, na nakuomba usipakie abiria mpaka ubadilishe vipande hivyo. Ni kweli kwamba maji ya ziwa hayali metali kwa kasi ya maji ya bahari, lakini boti yako huenda ilifika Kyela ikiwa imekwisha kuugua. Ukijani wa juu haunitishi sana. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na ikikaa miaka mingi katika maji ya chumvi zinki hutoka, ikabaki shaba yenye vitundutundu isiyo na nguvu, ingawa umbo lake halibadiliki. Kwangua kwa ncha ya kisu: ukiona njano inayong'aa, hapo pazima, ukiona wekundu wa nyama ya pera unaomeguka kama unga, hapo pamekufa. Koki iliyokwama usiilazimishe kwa spana boti ikiwa majini, kwani shingo ikikatika, tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya uso wa maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika.

Pandisha boti nchi kavu wakati wa kiangazi, maana mvua za Kyela hazitaipa faiba nafasi ya kukauka. Nati ya ndani ikigoma, saga kwa grainda kichwa kilicho upande wa nje, kisha gonga kipande kiingie ndani. Ukishakitoa, kagua ukingo wa tundu bila haraka, kwa sababu baadhi ya boti za faiba zina ubao katikati ya tabaka mbili, na maji yakipenya huuozesha. Ukikuta ubao mweusi na laini, uchimbe wote mpaka ufike penye ukavu, ujaze epoksi nzito, iache igande, ndipo utoboe upya.

Koki za bomba za nyumbani utazikuta tele madukani Mwanjelwa, Mbeya, lakini nyingi ni za shaba ya njano ileile, na sikushauri hata kidogo kuzitumia chini ya maji. Agiza za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, au za nailoni ngumu yenye nyuzi za kioo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hakikisha pia kwamba nyuzi za koki, yaani mikato ya kufungia kama ya skrubu, zinalingana na za kipande kinachopita tumboni, kwa kuwa nyuzi za mshazari, yaani za bomba linalopungua unene kuelekea ncha, zikifungwa kwenye zilizonyooka hushika mizunguko michache tu. Kwa ndani weka kibao kipana cha faiba kugawa uzito, na badala ya silikoni tumia gundi ya poliurethani ya boti, ukikaza mpaka itokeze pande zote.

Siku ya kushusha, iache boti kwenye kina kifupi, pangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, urudie asubuhi inayofuata kabla ya kwenda mbali. Kando ya kila koki funga kwa kamba kizibo cha dharura cha mti laini kinacholingana na tundu lake.