Kabla hujaniuliza rangi ya chambo

Wadogo zangu wa Malindi, juzi nilikuwa nimekaa ufukweni napaa samaki, nikawaona wawili wenu wamefungua mkebe wa ngisi wa plastiki, wanabishana: mwekundu au wa waridi? Bahari iko mbele yao, na hakuna aliyeigeuzia hata shingo.

1. Tazama maji kwanza. Kaskazi ikivuma, tope la mto Sabaki hushuka mpaka huku kwetu. Kusi ikishika, husukumwa upande wa Ngomeni, kaskazini. Maji yakiwa kama chai ya maziwa, harufu ya chambo ina kazi kubwa kuliko rangi yake.

2. Nyekundu. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka wangu wa pili wa mshipi nilikopa kwa mwenye chombo, nikanunua ngisi wa plastiki kumi na wawili, wote wekundu. Hoja yangu? Samaki kungu ni mwekundu, basi atampenda mwekundu mwenzake. (Cheka, lakini na wewe unayo yako.) Tukatia nanga kwenye pima kumi na tano (pima moja ni karibu mita mbili). Mzee aliyekaa omo, mbele ya chombo, alikuwa na ngisi wa kweli, amemmenya ile ngozi ya zambarau, vipande vyeupe pe. Akawa anavuta tu: changu, tewa, na kungu wangu yule yule. Mimi mpaka adhuhuri nilipata kikande mmoja, naye alikwisha kumtafuna ngisi wangu mikia yote. Mzee hakusema neno. Jioni alinitupia changu wawili, "mpelekee mama." Afadhali angenitukana. Deni lilikatwa kwenye fungu langu safari baada ya safari.

Baadaye nikavaa miwani, nikazama na mmoja mkononi. Pima mbili, bado mwekundu. Pima nne, kahawia kama tambuu iliyotemwa. Pima saba, mweusi kama kaa. Ndoana ikanichoma kidole, damu ikatoka ya kijani! Nilipanda juu nikisoma kila dua niijuayo. Kumbe hakuna jini: maji huumeza mwanga mwekundu kwanza, wa buluu ndio unaofika mbali. Kwa hiyo yule mwekundu wako wa bei, akifika chini, ni kitu cheusi juu ya mwamba mweusi. Akiwa juu juu, kwa kolekole anayetazama kutoka chini, weusi huo una faida, maana kivuli chake kinaonekana. Lakini ninyi mnavua chini.

3. Ngisi wa kweli akianza kugeuka waridi, amelala huyo. Mpe paka.

4. Bamvua, maji yanapovuta kwa nguvu, ongeza chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi. Maji mafu, yanapovuta kidogo, punguza. Chambo kikielea pima tatu juu ya mwamba, rangi itamsaidia nani?

5. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Malindi (Marine Park) hapavuliwi, tangu 1968. Kuna aliyeniuliza rangi inayofaa mle. Wewe unajijua, na mimi nakujua mpaka shangazi yako.

6. Usinunue dazani ya kitu ambacho hujajaribu kimoja. Wangu kumi na mmoja bado wazima, wamo ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Anayeng'ang'ania mwekundu aje achukue bure, ila ndoana nimezing'oa.