Aliyekuleta ni nani? Majibu kwa wasomaji

Swali: Si mahubiri ya intaneti ndiyo yanayowapoteza vijana hadi wakajiunga na makundi yenye itikadi kali?

Jibu: Yanachangia, ila tunayapa sifa kuliko yanavyostahili. Video hiyo hiyo huonwa na maelfu, na wengi huzima simu wakalala. Inayemnasa mara nyingi ni yule aliyetumiwa na mtu anayempenda, kisha akapata wa kuijadili naye usiku kucha. Marc Sageman, daktari wa akili aliyewahi kuwa ofisa wa CIA, mwaka 2004 alitoa uchambuzi wa maisha ya watu 172 wa mitandao ya al-Qaida: kwa takriban theluthi mbili, urafiki ulitangulia kujiunga. Kundi la Hamburg, Ujerumani, lililoshiriki mashambulizi ya Septemba 11, 2001 lilianza kama wanafunzi waliosali pamoja, na baadhi yao walipanga nyumba moja. Ukiuliza nani alimwingiza nani, hupati jibu safi, walivutana.

Wala si jambo la dini moja. Miaka ya 1960, John Lofland na Rodney Stark wataalamu wa elimu ya jamii, waliwafuatilia nchini Marekani wafuasi wa Sun Myung Moon, mhubiri wa Korea aliyeanzisha kanisa lake mwenyewe. Waliozama ni wale ambao urafiki wao ndani ya kundi ulizidi wa nje. Mafundisho mengine waliyakubali wakiwa wameshaingia.

Swali: Mbona tunasikia sana habari za ndugu wa damu?

Jibu: Kweli: ndugu Tsarnaev waliolipua mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston, 2013, na ndugu Kouachi walioshambulia ofisi za gazeti la Charlie Hebdo, Paris, 2015. Waliolala chumba kimoja utotoni hawahitaji kiapo wala simu ya kudukuliwa.

Swali: Kila anayeshika dini sana ni wa kuogopwa?

Jibu: Hapana.

Swali: Mdogo wangu amewatupa rafiki zake wote, yuko na kikundi kimoja tu, na mimi ananiita kafiri. Nimfukuze?

Jibu: Usimfukuze, dada. Utakuwa umewafanyia kazi yao, maana wanachotaka ni abaki hana mwingine. Usishindane naye kwa aya pia. Majibu amekwisha kukaririshwa. Mkaribishe mezani, mwache akunung'unikie. Mtafute rafiki wa zamani anayemheshimu, amtembelee bila kuhubiri. Mji wa Aarhus, Denmark, huwapa vijana wa namna hii mlezi wa kuwa naye karibu, na naona wamelenga penyewe. Lakini akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu au kutaja safari isiyoeleweka, usimfichie. Tafuta msaada siku hiyo hiyo, hata kama atakununia mwaka mzima.