Safari ya taratibu milimani wakati bustani iko kwenye joto: inawezekana, ila anza mapema

Mkuu, umeuliza kama unaweza kutoka kwa gari wiki moja au siku kumi hivi, kuzunguka milimani bila haraka, wakati bustani ya mboga nyumbani iko kwenye joto kali na hakuna wa kuimwagilia kila siku. Wengine wamekushauri usubiri mavuno yaishe. Mimi nalima nyuma ya nyumba na barabara za milimani nazipenda sana, na jibu langu ni nenda. Ila maandalizi hayaanzi jioni ya kufunga mizigo, yanaanza wiki mbili tatu kabla.

Mimea inayokufa mwenyewe akiondoka mara nyingi ni ile iliyozoeshwa maji kidogo kidogo kila siku. Maji yakiishia juu juu, mizizi nayo inabaki juu, na jua la siku mbili linaimaliza. Kwa hiyo badilisha mtindo sasa hivi: mwagilia mara chache, lakini yazame. Kipimo changu cha kuanzia ni lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, nagawa mara mbili, asubuhi na mapema. Udongo wa kichanga au joto la kupindukia litataka zaidi. Baada ya saa kadhaa chimba kidogo pembeni ya shina. Ukikuta unyevu umefika sentimita 15 au 20, uko vizuri. Ukikuta vumbi chini ya kidole kimoja, maji yalikuwa yanakimbia juu ya ardhi, basi punguza kasi ya mpira na uyape muda wa kunywewa.

Baada ya hapo, matandazo. Hapa sikubali mjadala kabisa! Nyasi kavu au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, yawekwe udongo ukiwa tayari umelowa na yasigusane na shina. Siku ya jua kali ingiza mkono chini yake saa nane mchana: nyasi za juu zinakwaruza na zina moto, ila chini udongo ni mweusi, umepoa, unashikana ukiufinya. Udongo wa namna hiyo ndio utakaokutunzia mimea ukiwa mbali. Mimea iliyoko kwenye vyungu na ndoo ihamishie kivulini, uibananishe pamoja. Ikikaa zaidi ya siku chache bila maji haitoboi, hiyo lazima umwombe mtu aimwagilie.

Kwa nyanya ongeza uangalifu. Lile doa jeusi lililobonyea chini ya tunda, kuoza kitako, mara nyingi linatokana na maji ya kupanda na kushuka: leo udongo mkavu, kesho mafuriko, na kalsiamu haifiki kwenye tunda hata kama udongoni ipo tele. Ndiyo maana ukirudi ukakuta pakavu, usimwage maji yote kwa mkupuo. Na ukikuta maua yamepukutika, usidhani umeua mmea. Mchana ukipita nyuzi 35 na usiku usipopoa, nyanya huangusha maua yenyewe. Hali ikipoa zitafunga matunda tena.

Mbolea ya nitrojeni iache wiki ya kuondoka, maana majani mapya laini yanadai maji mengi. Siku ya mwisho vuna bila huruma: bamia, matango, maharage mabichi, hata vile vidogo. Vikibaki vikakomaza mbegu, mmea unapunguza kuzaa. Nyanya zilizoanza tu kugeuka rangi, zichume, zipange kwenye boksi na uzibebe ndani ya gari, chini ya kiti pasipo na jua. Zitaiva njiani bila shida, na utakuwa unakula zako mwenyewe huko juu.

Sasa barabara. Raha ya kwenda taratibu kwa mtu wa bustani ni kwamba mlima unarudisha msimu nyuma. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Bondeni unaacha maharage yaliyokauka maganda, saa moja baadaye unapita mashamba ambayo maharage ndiyo kwanza yanatoa maua. Simama, shuka, tazama walivyoelekeza matuta kukatisha mteremko ili maji yasikimbie. Mtu anayewahi kufika hayaoni haya, kwa hiyo panga vituo vya karibu karibu na ufike mchana.

Kwenye mteremko mrefu, teremka kwa gia ndogo, ile ambayo ungehitaji kupandia pale pale. Otomatiki nayo ina namna ya kushikilia gia ya chini, jifunze kabla hujafika mlimani. Injini ndiyo izuie gari; breki kanyaga, punguza mwendo, achia, usiburuze mguu juu yake kilomita nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kuegesha penye usalama, subiri breki zipoe zenyewe, wala usizimwagie maji. Kupanda nako gari lisilo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, hivyo usilitie shaka likilegea, na usijaribu kupita lori kwa kukadiria nguvu uliyoizoea bondeni. Ukiwa na foleni nyuma yako, ingia pembeni penye nafasi uwapishe.

Mkilala juu ya mita 2,500, siku ya kwanza msijichoshe na mnywe maji. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikazidi, teremkeni, msisubiri asubuhi.

Niandikie una mazao gani na udongo wako ni wa aina gani, nikuambie kipi kitahimili siku kumi na kipi cha kuvuna chote kabla hujaondoka.