Uliza Ujibiwe: Kiti cha ALAT, kutoka Pangani hadi Kilindi

Tangu mabaraza mapya ya madiwani yaapishwe, barua nyingi zinazotufikia hapa Tanga zinahusu jambo moja: uongozi wa Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, yaani ALAT. Zilizofanana tumeziunganisha. Majina tumeyaficha, maana waulizaji wengi bado wanapanga mambo yao.

Assalamu alaykum. Nimechaguliwa mwenyekiti wa halmashauri kwa mara ya kwanza, na wenzangu wananisukuma nigombee uenyekiti wa ALAT mkoa. Nianze na kampeni au na karatasi?
*Mwenyekiti wa halmashauri, mwambao wa Tanga*

Waalaykumu salaam, Mheshimiwa. Anza na karatasi. Nenda kwa katibu wa tawi la mkoa, ambaye kwa kawaida ni mmoja wa wakurugenzi, umwombe katiba ya jumuiya na kanuni za uchaguzi zinazotumika sasa. Usitegemee picha ya ukurasa mmoja uliotumiwa kwenye WhatsApp. Katiba hurekebishwa, na ukurasa huo huenda ni wa miaka mitano nyuma. Ukishaipata, tafuta kwanza mambo manne: nani ni mjumbe, nani kati ya wajumbe anapiga kura, akidi (idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali) ni ngapi, na mshindi hupimwa kwa kura nyingi tu au kwa zaidi ya nusu.

Jambo la pili ndilo linalobadilisha kampeni nzima. Mkoa wetu una halmashauri 11: Jiji la Tanga, miji ya Korogwe na Handeni, na halmashauri za wilaya za Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe, Handeni, Kilindi, Lushoto na Bumbuli. Wakipiga kura meya na wenyeviti peke yao, ziko kura 11 na unahitaji 6. Wakiingia na wakurugenzi, zinakuwa 22 na unahitaji 12. Mkurugenzi si mwanasiasa. Ameteuliwa na Rais, na yanayomkosesha usingizi ni hoja za ukaguzi na upungufu wa watumishi. Ukimpelekea hotuba uliyompa mwenyekiti wake atakupigia makofi, na kura ataipeleka kwingine.

Sasa hesabu ya ramani. Mwambao na jirani zake, yaani Jiji, Muheza, Pangani na Mkinga, ni halmashauri 4. Milimani, Lushoto na Bumbuli, ni 2. Korogwe mbili, Handeni mbili na Kilindi ni 5. Maana yake, hata ukiungwa mkono na mwambao wote bila kukosa mmoja, bado hujashinda. Wagombea wa pwani huanguka hapo: wanajihesabia nyumbani, wanaridhika, halafu wanashangaa. Tafuta mapema mwenzako wa milimani au wa bara atakayegombea umakamu, mwende pamoja. Na kikao cha kuzungumza na wenzako kifanyie Korogwe badala ya mjini Tanga. Wa Lushoto anateremka, wa Handeni anafika bila kulala njiani, na hakuna atakayeona kwamba ameitwa kwa mkubwa.

Kilindi nenda mwenyewe hadi Songe. Ni mbali, barabara inachosha, na kwa sababu hiyo hiyo wagombea wengi humalizana na Kilindi kwa simu. Usiende kwa ule mtindo wetu wa "waja leo waondoka leo". Lala, uhudhurie hata mkutano mmoja wa kata, uone wenzako wanahangaika na nini.

Halafu kuna hesabu ya ahadi. Sisi watu wa pwani hatupendi kumwambia mtu "hapana" usoni, kwa hiyo "inshaallah" na "tuko pamoja" usiziandike kwenye daftari la kura. Muulize mjumbe swali jingine: "Nani mwingine amekupigia?" Anayekutajia majina na kukueleza waliyomwambia, huyo wako. Anayesema hajui lolote bado anapima upepo. Ukihitaji 6, usitulie mpaka uwe na 8 za namna ya kwanza.

Mwisho, kabla ya kuchukua fomu, pita kwa mweka hazina wako uulize kama halmashauri imelipa ada yake ya uanachama. Mgombea ambaye halmashauri yake inadaiwa ana swali moja gumu linalomngoja ukumbini, na litaulizwa.

Mimi ni diwani wa viti maalumu. Naweza kugombea ALAT bila kuwa mwenyekiti wa halmashauri?
*Muheza*

Mheshimiwa, wanachama wa ALAT ni halmashauri. Diwani mmoja mmoja si mwanachama, na halmashauri huwakilishwa na meya au mwenyekiti wake. Njia yako basi inapitia kwanza katika baraza lenu. Umakamu mwenyekiti huchaguliwa kila mwaka, tofauti na uenyekiti unaokaa muhula mzima wa miaka 5, kwa hiyo nafasi haiko mbali kama inavyoonekana. Omba pia kupangwa katika kamati ya fedha. Anayeelewa makisio ya halmashauri yake ukurasa kwa ukurasa huwa hakosi kuonekana siku nafasi inapotokea.

Wenzangu wananiambia niandike ilani. Naahidi nini kwa wenyeviti wenzangu? Nilifikiria kurudisha kodi ya majengo kwenye halmashauri.
*Korogwe*

Iache hiyo ahadi kama ilivyo. ALAT haitungi sheria, haigawi fedha wala haimwamuru waziri. Kazi yake ni kuzisemea halmashauri mbele ya TAMISEMI na Serikali, na kuziunganisha. Kodi ya majengo ilihamia TRA mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme kupitia LUKU. Kuirudisha kunahitaji Bunge, na wenyeviti wenzako wanalijua hilo. Ukiahidi kitu ambacho kila aliyemo ukumbini anajua hukiwezi, unawaonyesha tu kwamba hujui kazi unayoiomba.

Ahidi hatua moja inayoweza kuhesabiwa. Kwa mfano: ndani ya miezi 3 utakusanya kwa halmashauri zote 11 takwimu za majengo, za kilichokuwa kikikusanywa na za kinachorudi sasa, ziwekwe kwenye jedwali moja liende kama hoja ya mkoa. Angalia na kalenda. Bunge la bajeti huanza Aprili, lakini mabaraza hupitisha makisio yao mapema mwaka. Hoja inayofika Machi imekuta milango inafungwa. Oktoba au Novemba ndiyo miezi ya kuipeleka.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani pia ni uwanja mzuri. Kila mjumbe anaujua mgawo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Kinachoumiza halmashauri ni marejesho, na hapo tawi lina la kufanya bila kuomba ruhusa Dodoma: halmashauri inayorejeshewa vizuri ikae na inayosuasua siku mbili, maofisa maendeleo ya jamii kwa maofisa maendeleo ya jamii, wafungue mafaili ya vikundi na waone mkopo uliopotea ulikosewa wapi. Mara nyingi utakuta kikundi kiliundwa wiki ya kuomba fedha.

Lakini tukiulizwa sisi, ahadi iliyo bora ni ya ushuru wa mazao. Machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto, nazi za Pangani, yote hupita katika halmashauri zaidi ya moja kabla ya kufika sokoni. Tangu 2017 anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatakiwi kutozwa ushuru, lakini kwenye mageti ugomvi hauishi: huyu anahesabu kwa gunia, yule kwa tenga, wa tatu kwa ukubwa wa gari. Ukiwaleta maofisa mapato 11 meza moja wakakubaliana kipimo na namna ya kusoma risiti ya jirani, umewapunguzia wenyeviti wote malalamiko ya kila siku, na hukumuomba waziri chochote.

Kwenye kampeni za namna hii, kuwanunulia wajumbe chakula ni rushwa? Na gari la halmashauri je?
*Mkinga*

Chai na maandazi kwenye kikao halali, kila aliyehudhuria akala sawa, hakuna atakayekusumbua. Bahasha ya "nauli" anayopewa mjumbe ambaye halmashauri yake imeshamlipa posho na mafuta ni jambo jingine kabisa. Ile hoja ya kwamba ni takrima, desturi ya Mswahili kumkirimu mgeni, ilishafika mahakamani: mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu vilivyoruhusu takrima katika sheria ya uchaguzi kuwa ni kinyume cha Katiba. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 nayo haiulizi kama ulikuwa uchaguzi wa nchi au wa jumuiya. Kifungu cha 15 kinamgusa anayetoa, anayepokea na hata aliyeahidi tu. Kitenge kilichokunjwa vizuri juu ya kiti cha mjumbe nacho kimo.

Gari la halmashauri ni la kazi za halmashauri. Safari ya kuomba kura haimo, na kitabu cha safari cha dereva hakisahau: kina tarehe, kilomita na sababu ya safari. Mkaguzi akikuta "ziara ya kikazi Handeni" bila taarifa ya ziara, hoja inaandikwa, na atakayeijibu ni mkurugenzi wako, mtu ambaye huenda ulikuwa unategemea kura yake. Vivyo hivyo masurufu: usichukue kwa jina la mkutano mwingine. Tumia gari lako, au panda basi. Mwenyekiti akionekana stendi ya Korogwe na begi lake, habari hufika Lushoto kabla yake, na si habari mbaya.

Siku ya kupiga kura huharibika wapi? Mwaka jana kikao cha chama chetu cha ushirika kilivunjika hata kabla ya kuhesabu.
*Lushoto*

Huharibika mapema, kwenye orodha. Mwenyekiti hakuja, amemtuma makamu; makamu hana barua. Wengine wanasema apige kura, wengine wanakataa, na nusu saa imekwisha mkiwa bado mnagombana mlangoni. Kila mgombea apate orodha ya wapiga kura siku moja kabla, na wanaowakilisha waje na barua iliyosainiwa na kupigwa mhuri. Pingamizi litolewe kabla sanduku halijafunguliwa; likitolewa baada ya matokeo linaonekana kama kilio cha aliyeshindwa, hata kama lina haki.

Akidi isomwe kwa sauti na iandikwe kwenye muhtasari, kwa namba. "Akidi ilitimia" haitoshi. Andika "wapo 10 kati ya 11".

Kura 11 haziwezi kufungana kwa wagombea wawili, watu husema, kisha mmoja anaumwa, au mmoja anaweka alama kwa wote wawili, mnabaki na 5 kwa 5. Msimamizi aseme kabla ya kura kitakachofanyika: kurudia, na mara ngapi. Wagombea wakiwa watatu, na kanuni inadai zaidi ya nusu, matokeo ya 5, 4 na 2 hayajampata mtu. Wawili wa juu wanarudi. Mgombea mwenye akili huwa ameshazungumza na yule wa tatu tangu wiki iliyopita, kwa heshima, akamwomba awe chaguo lake la pili.

Alama ya tiki, karatasi za rangi moja zenye mhuri, wakala mmoja kwa kila mgombea, na karatasi kuonyeshwa moja moja wakati wa kuhesabu. Mawakala wasaini fomu hapo hapo. Karatasi zilizopigwa zifungwe kwenye bahasha na kutiwa lakiri, zisichomwe siku hiyo.

Sisi huku kwetu tuna kaunti. Je, magavana nao wana kitu kama ALAT?
*Lunga Lunga, Kwale*

Karibu jirani wa Horohoro. Mna Baraza la Magavana, lenye wajumbe 47, lililowekwa na sheria ya 2012 ya uhusiano baina ya serikali. Mwenyekiti wake huchaguliwa na magavana wenzake kwa mwaka 1, na anaweza kurudi mara moja tu. Kwa muhula mfupi hivyo, kampeni ya anayefuata huanza aliyepo hajapoa kiti.

Halmashauri yetu ni ya wilaya, si jiji. Mtu wa kwetu anaweza kufika uenyekiti wa taifa? Na baraza likimwondoa uenyekiti katikati ya safari?
*Bagamoyo*

Kufika anaweza. Gulamhafeez Mukadam aliyewahi kuiongoza ALAT alikuwa meya wa Shinyanga, na Murshid Ngeze aliyemfuata alitokea Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba. Halmashauri za Tanzania Bara ni 184 na majiji ni 6 tu, kwa hiyo wilaya ndizo zenye watu ukumbini. Kwa Bagamoyo, hatua ya kwanza ni mkoa wa Pwani wenye halmashauri 9, na jirani wa kwanza kumwendea ni Chalinze.

Hilo la pili ndilo wagombea wengi hawalifikirii. Kiti cha ALAT kimesimama juu ya kiti cha halmashauri, na hicho kimesimama juu ya udiwani. Madiwani wakifikisha theluthi mbili wakamwondoa mwenyekiti wao, au akipoteza kata yake, vya juu vyote vinaondoka naye. Anayetaka kwenda taifa ahakikishe kwanza vikao vya baraza la kwake vya kila robo mwaka havikosi mwenyekiti, na kwamba makamu wake ana nakala ya kila faili analolishughulikia yeye.