Dawa ya lehemu, tui la nazi na maswali yenu

Wiki hii ujumbe mwingi umetoka kwa watu waliopewa dawa za kushusha lehemu, ile tunayoiita "mafuta kwenye damu". Nimechagua michache. Aliyeuliza kuhusu kitambi, zamu yako inakuja, usininunie.

Mimi ni mkulima wa Newala, umri miaka 61. Nina miezi miwili tangu nianze atorvastatini. Mapaja na mabega yananiuma. Jirani ananiambia nitupe vidonge. Nitupe?

Shikamoo baba. Usitupe kwanza. Maumivu ya misuli ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu dawa za jamii hii, yaani statini. Yakitokana na dawa, mara nyingi huanza wiki au miezi ya mwanzo, na hushika pande zote mbili, kama unavyoeleza. Kwa hiyo sikukatalii. Ila nikuulize: korosho zilianza kuanguka lini shambani kwako? Aliyeinama chini ya mikorosho tangu alfajiri atashikwa na mapaja hata kama hajameza kitu.

Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2020. Watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa miezi ya dawa halisi, miezi ya vidonge vitupu wasivyoweza kuvitofautisha na dawa, na miezi bila kidonge chochote. Kiasi cha asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye dawa waliupata pia kwenye vidonge vitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila kwa sehemu kubwa dawa ilisingiziwa. Nusu yao walirudi kuitumia.

Rudi kwa daktari. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli inaumia. Anaweza kupunguza dozi, kukubadilishia statini, au kukusimamisha wiki chache aone. Mtajie dawa zako zote, hasa klarithromaisini, erithromaisini, dawa za fangasi za kumeza na dawa za VVU, kwa sababu baadhi yake hupandisha kiwango cha statini mwilini.

Jambo moja tu halingoji miadi: mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukishindwa kuinuka kwenye kigoda, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Hutokea kwa nadra sana, lakini huua figo.

Daktari kaniambia nipunguze nazi. Mimi mtu wa Mikindani, mchuzi bila nazi ni mchuzi gani? Na nazi si haina lehemu?

Mama, hapo kwenye lehemu umepatia. Hakuna mmea wenye lehemu ya kuhesabika. Ila zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda, unayaona kwenye chupa asubuhi za baridi za Julai. Mafuta hayo hulifanya ini lizembee kuzoa lehemu mbaya kwenye damu. Statini hulisukuma ini lizoe zaidi. Kwa hiyo kidonge kinavuta huku na tui zito linavuta kule, na wewe ndiye unayelipia vyote.

Sikwambii uache, mimi mwenyewe siwezi. Tui la kwanza lingoje wageni na sikukuu, siku nyingine pikia la pili. Kisamvu kiunge kwa korosho za kutwanga, maana mafuta yake mengi ni ya aina nzuri. Na mbaazi usiziache. Zenyewe zinasaidia, kosa ni bwawa la tui tunamoziogeshea.

Baba alipata kiharusi mwaka jana. Sasa ameacha statini, anakunywa mlonge, kitunguu saumu na limau. Tuko Lindi mjini.

Hili limenikosesha raha. Kwa aliyewahi kupata kiharusi cha damu kuganda, statini ni kinga dhidi ya cha pili. Mpeleke kwa daktari wake wiki hii, hata kama lehemu ilishaonekana imeshuka. Ilishushwa na dawa, akiacha itapanda tena.

Kitunguu saumu hushusha kidogo tu. Tafiti za mlonge kwa binadamu ni chache na ndogo. Chenye nguvu zaidi jikoni ni maharage, kunde, shayiri na utelezi wa bamia: hushika nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini hulazimika kutumia lehemu kutengeneza nyingine. Hata hivyo, statini hushusha lehemu mbaya kwa asilimia 30 hadi 50, na sahani ya kunde haifiki huko. Ale kunde na ameze kidonge. Limau halina neno. Balungi ndilo aliepuke, akitumia simvastatini au atorvastatini.

Kuna vidonge vya asili vya mchele mwekundu wa Kichina. Havina madhara ya statini?

Ni statini hiyohiyo! Mchele ule huchachushwa kwa kuvu, na kuvu huyo hutoa monakolini K, ambayo ndiyo lovastatini, dawa iliyoidhinishwa Marekani 1987. Hata statini ya kwanza kabisa, Mjapani Akira Endo aliipata kwenye ukungu miaka ya 1970. Tofauti ni kwamba kwenye kopo lile hujui umemeza kiasi gani.

Simvastatini lazima usiku?

Ndiyo, kwa sababu haikai mwilini muda mrefu na ini hutengeneza lehemu zaidi usiku. Atorvastatini meza saa yoyote, ila iwe ileile kila siku.

Nasikia statini inaharibu ini. Na uraka, pombe yetu ya mabibo ya korosho, je?

Statini kuumiza ini vibaya ni nadra, na hata hivyo daktari hupima ini kabla ya kukuanzishia. Uraka na gongo havipimi mtu. Pombe nyingi hupandisha pia mafuta mengine ya damu, trigliseridi. Bibo lenyewe kula, lina vitamini C tele. Macho yakiwa ya njano wahi hospitali, na ukiulizwa unakunywa vikombe vingapi, taja hesabu kamili. Wengi wenu mnataja nusu.